Mti wa Tsudunyi

Old Moshi haiko Moshi mjini. Mji tunaoujua leo, wenye mnara wa saa, stendi ya mabasi na soko la Mbuyuni, ni mji wa reli: ulikulia huko tambarare baada ya treni ya kutoka Tanga kufika mwaka 1911. Moshi yenyewe, ile ya wamangi, watawala wa Wachagga, iko juu mlimani Kilimanjaro. Unatoka mjini kwa barabara ya Himo, unafika Kiboriloni, unakata kushoto na kuanza kupanda. Joto la chini linabaki nyuma, na kwa muda mfupi tu pande zote mbili za barabara ni migomba, kahawa chini ya migomba, na mifereji ya maji inayoteremka kutoka kihamba, yaani shamba la ukoo, hadi kihamba kingine. Hiyo mifereji Wachagga waliichimba kwa mikono yao kabla ya Mjerumani yeyote kuujua mlima huu.

Watalii wengi hawaji huku. Wanapelekwa Marangu au Machame, wanapanda hadi kilele cha Uhuru, wanashuka na vyeti vyao na kuondoka. Kwenye geti la Marangu wanamkuta Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kileleni Oktoba 1889, ambaye amewekewa bamba la kumbukumbu. Alikipa kilele jina la mfalme wake, Kaiser Wilhelm, akaondoka na jiwe la huko juu, na jiwe hilo likaenda kukaa katika jumba la kifalme la Potsdam. Miaka kumi na miezi michache baadaye, chini ya kilele hicho chenye jina la Kaiser, maofisa wa Kaiser waliwanyonga viongozi kumi na tisa wa Kilimanjaro, Meru na Arusha kwa siku moja. Ilikuwa tarehe 2 Machi 1900. Mahali penyewe panaitwa Tsudunyi, na ndipo ninapotaka tufike katika sura hii.

Mti bado upo. Nakushauri uutazame mti kwanza, kabla ya sanamu, kabla ya kusoma chochote na kabla hujatoa simu kupiga picha. Ni mti mkubwa, mzee, gome lake limechakaa kwa mvua za mlimani. Watoto wa shule hupita karibu nao wakienda na kurudi, kina mama hupita na majani ya ng'ombe kichwani. Hapa si jangwani wala si uwanja uliofungwa kwa ukuta. Hapa ni kijijini, watu wanaishi, na hata siku ile watu walikuwa wanaishi hapa. Ukisimama chini yake ndipo unapoelewa kwamba hii haikuwa adhabu ya kificho. Ngome ya Wajerumani ilikuwa papo hapo, na mti ulichaguliwa mahali ambapo kila mtu angeuona. Kusudi lilikuwa waonekane.

Karibu na mti pana sanamu ya Mangi Meli wa Moshi, mmoja wa wale kumi na tisa, kichwa na mabega, iliyozinduliwa tarehe 2 Machi 2019, miaka 119 tangu siku ya kunyongwa. Ni sanamu ya kiasi. Haina makuu ya sanamu za mijini, na mimi naipenda kwa sababu hiyo hiyo. Lakini msomaji aangalie jambo moja ambalo fundi wa sanamu hakuhitaji kulieleza, kwa kuwa kila mtu wa Old Moshi analijua: wamemchongea kichwa, kwa sababu kichwa ndicho kilichochukuliwa.

Nilipofika, mzee mmoja alikuwa ameketi pembeni, fimbo kati ya magoti. Nilimwamkia, "Shikamoo, babu." Akaitikia marahaba, akaniuliza nimetoka wapi na mimi ni wa ukoo gani. Maswali hayo hayakwepeki huku, wala hayana ubaya. Mtu anayekuja kaburini lazima ajulikane ni nani. Baada ya hapo ndipo alipoinuka na kunionyesha upande ambao boma lilikuwepo, na njia waliyoletwa nayo.

Meli alikuwa mtoto wa Rindi, mangi wa Moshi ambaye wageni walimwita Mandara. Rindi alikuwa mtu mjanja na mwenye nguvu. Aliwapokea wamisionari wa Kiingereza, akapokea wafanyabiashara wa pwani, na mwaka 1885 akatia alama kwenye karatasi ya Karl Jühlke, mjumbe wa kampuni ya Carl Peters, karatasi ambayo Wajerumani waliihesabu kuwa hati ya kuikabidhi nchi. Mwaka 1889 alipeleka wajumbe wake hadi Berlin. Sidhani kama Rindi aliamini kwamba ameuza nchi. Alijiona amepata rafiki mwenye bunduki dhidi ya adui yake mkubwa, Mangi Sina wa Kibosho, na kwa hesabu za wakati ule haikuwa hesabu ya kijinga. Mwaka 1891 Hermann von Wissmann alimshambulia Sina na kumshinda, huku watu wa Moshi wakiwa upande wa Wajerumani. Mwaka huo huo Rindi akafa, na Meli akarithi kiti akiwa kijana.

Wakati huo Peters mwenyewe alikuwa mlimani, akiwa na kituo chake upande wa Marangu. Huko aliwanyonga vijana wawili waliokuwa wakiishi katika kituo chake: Mabruk, mwishoni mwa 1891, na msichana aliyeitwa Jagodja, mwanzoni mwa 1892. Vifo hivyo viwili vilifika hadi bungeni Berlin, mbunge August Bebel akavisema hadharani mwaka 1896, na Peters akafukuzwa utumishi mwaka uliofuata. Nawataja hapa kwa makusudi. Watu wengi wakitaja vifo vya kisiasa vya mlima huu huanza na wamangi, na kweli wamangi wana sanamu. Mabruk na Jagodja hawakuwa wamangi. Walikuwa watu wa kutumwa kazi, na hakuna mti wala jiwe linaloonyesha walipozikwa.

Meli hakuwa na moyo wa baba yake wa kungoja na kupima. Juni 1892 kikosi cha Wajerumani kikiongozwa na Luteni von Bülow kilipanda kwenda kumtia adabu, na wapiganaji wa Moshi wakakipiga. Von Bülow aliuawa, na mwenzake Mjerumani akauawa pia, pamoja na askari wao wengi. Wajerumani wakaacha kituo chao cha Marangu kwa muda. Kwa mwaka mmoja hivi Meli aliishi kama mtawala ambaye hajashindwa na mtu. Agosti 1893 Kanali von Schele alikuja na jeshi kubwa na mizinga, wasaidizi wa kutoka himaya nyingine za mlimani wakiwa naye, na Moshi ikaanguka.

Hapa masimulizi mengi huruka hadi kwenye kitanzi, na kuruka huko kunatunyima jambo la maana kuliko yote. Kati ya kushindwa na kunyongwa kuna takriban miaka saba. Katika miaka hiyo Meli hakuwa msituni akipigana. Alikuwa kwake, akitawala chini ya bendera ya Wajerumani, akitoa watu wa kujenga boma, watu wa kubeba mizigo, watu wa kuchimba barabara. Mkuu wa kituo alikuwa Kapteni Kurt Johannes, na kituo kikahamishiwa hapa hapa, katika nchi ya Meli, juu ya kichwa chake. Mwaka 1898 ikaja kodi ya nyumba, rupia tatu kwa kila nyumba, na asiyekuwa na rupia alilipa kwa jasho lake. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Meru, na Johannes akawaadhibu Wameru na Waarusha kwa kuchoma nyumba na kuchukua ng'ombe, akitumia pia wapiganaji wa Kichagga. Kwa hiyo Mchagga alipelekwa kumpiga Mmeru, na miaka mitatu baadaye viongozi wao walining'inia pamoja.

Mashtaka yalikuwa ya njama. Ilisemwa kwamba Meli na wenzake wamepatana kuwashambulia Wajerumani kwa pamoja, Wachagga, Wameru na Waarusha. Habari hizo zilimfikia Johannes kupitia kwa mahasimu wa Meli mlimani, na masimulizi ya Old Moshi humtaja hasa Mangi Marealle wa Marangu, kipenzi cha boma. Je, njama ilikuwepo? Watu waliotozwa kodi, waliofanyishwa kazi bila ujira na kuchomewa nyumba wana kila sababu ya kuzungumza usiku, na mimi sitashangaa kama walizungumza. Lakini kosa la kuzungumza halipimwi kwa kamba. Hawakukutwa na jeshi barabarani. Hakuna Mjerumani aliyeuawa. Mshitaki, hakimu na mnyongaji walikuwa ofisi moja, na washindani wa washitakiwa ndio waliokuwa mashahidi. Dola inapowaua watu kwa yale inayohofia kwamba watayafanya, huko ndiko kuua kwa siasa, hata pakiwekwa meza na karani wa kuandika.

Walinyongwa wengi wa ngazi zote: Meli wa Moshi, Molelia wa Kibosho, Ngalami wa Siha, na pamoja nao viongozi wa Meru na Arusha, washauri na wazee wa vita. Wazee wa Old Moshi husimulia kwamba Meli alikaa kwenye kamba saa nyingi bila kukata roho, hata ikabidi wampige risasi. Sina cheti cha daktari cha kuthibitisha hilo, lakini nimelisikia likisimuliwa kwa sauti ambayo haina haja ya kushawishi mtu.

Kuhusu Marealle niseme neno, kwa sababu hata leo jina lake linaweza kuharibu mazungumzo ya harusi. Wajerumani walimlipa vizuri: baada ya 1900 mamlaka yake yalipanuliwa juu ya majirani zake. Miaka michache baadaye naye akashukiwa, akakimbilia upande wa Waingereza, Kenya ya leo. Ni rahisi kumtupia mzigo wote. Mtu wa Marangu anyamaze, mtu wa Old Moshi ajisikie safi, na habari iishe hapo. Lakini Rindi naye alimtumia Mjerumani dhidi ya Sina, na wapiganaji wa Meli nao wakachukuliwa kwenda Meru. Kila himaya ya mlima huu ilijaribu kumtumia mgeni dhidi ya jirani, na kila moja ililipa. Aliyeandika amri ya kunyonga alikuwa na cheo, mshahara na jina: Kurt Johannes, ofisa wa Dola ya Ujerumani. Hukumu ianze kwake na kwa dola iliyomtuma.

Sasa tuje kwenye kichwa cha Meli, ambacho watu wa Old Moshi wanasema kilikatwa na kupelekwa Ujerumani.

Ili uelewe kwa nini watu wa Old Moshi hawajaacha kukitafuta, lazima ujue Mchagga alizikwaje zamani, kabla ya Ukristo kuenea. Mtu mzima aliyeacha watoto alizikwa ndani ya nyumba yake. Baada ya muda kaburi lilifunguliwa, na fuvu likatolewa na kuwekwa mahali pake katika kihamba, kati ya migomba, chini ya masale. Masale ni ule mmea wa majani marefu ya kijani unaouona kila mahali huku: ndio unaoweka mpaka wa shamba, ndio unaopelekwa kwa mtu uliyemkosea unapoomba radhi, na ndio unaoonyesha kwamba hapa amelala mkubwa. Fuvu kati ya migomba lilikuwa mwenyeji wa kihamba. Lilizungumzwa nalo, likamiminiwa mbege, pombe ya ndizi, likaambiwa habari za mvua, ndoa na ugonjwa. Leo makaburi ni ya saruji na marumaru, yana misalaba, na Desemba Wachagga wanaporudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Arusha na kwingineko huyasafisha na kuyapaka rangi. Jambo lenyewe ni lile lile. Mtu wa ukoo hukaa kihambani kwake, akiwa hai na akiwa amekufa.

Basi kumkata Mchagga kichwa na kukipeleka ng'ambo hakukuwa udhalilishaji wa maiti tu. Kulikuwa kumfukuza kihambani.

Mwanzoni mwa karne iliyopita Felix von Luschan, daktari na mtaalamu wa makumbusho mjini Berlin, alikuwa akikusanya mafuvu ya binadamu kutoka pande zote za dunia, na maofisa wa kikoloni, madaktari na wasafiri walimpelekea kwa makasha. Walipima upana, urefu, pembe ya taya, wakidhani kwamba vipimo hivyo vingewaambia tofauti za mataifa. Sayansi hiyo imekufa, lakini mafuvu yamebaki rafuni. Sehemu moja ya mkusanyiko wake ilinunuliwa baada ya kifo chake na makumbusho ya New York. Sehemu iliyobaki Berlin ilifika mwaka 2011 mikononi mwa Taasisi ya Urithi wa Utamaduni wa Prussia. Taasisi hiyo ilichunguza mafuvu 1,135 yaliyotoka Afrika Mashariki ya Wajerumani: 904 yalihusishwa na Rwanda, 202 na Tanzania, 22 na Kenya. Isome tena hiyo 202. Kila moja ni mtu ambaye aliwahi kuitwa kwa jina na mama yake.

Mjukuu wa Mangi Meli alikuwa ameulizia kichwa cha babu yake kwa zaidi ya miaka hamsini, kwa barua na kwa mdomo, kabla mtu yeyote mwenye mamlaka hajamjibu. Mwaka 2018, akiwa na zaidi ya miaka themanini, alisafiri hadi Berlin, akatoa sampuli ya mate ili vinasaba vyake vilinganishwe na vya mafuvu yanayodhaniwa kuwa ya Wachagga. Wakati huo huo watu wa Old Moshi, pamoja na wasanii wa Kijerumani wa kundi la Flinn Works, walitayarisha maonyesho kuhusu Meli yaliyowekwa Berlin na hapa Tanzania. Hilo lazima lisemwe: serikali mbili zilikuwa bado zinasita, na wanavijiji na wasanii wakatangulia.

Septemba 2023 Berlin ilitangaza matokeo. Fuvu moja lilipatana kabisa na mzao aliye hai wa mtu ambaye kumbukumbu zinamtaja kwa jina la Akida, mshauri mkubwa wa Mangi Meli. Mafuvu mengine mawili yalikaribiana mno na familia za eneo hili hivi kwamba undugu haukuwa na shaka. Meli mwenyewe hakupatikana katika mafuvu yaliyopimwa.

Nafikiria mara nyingi habari hizo zilivyopokewa. Ukoo mmoja uliambiwa mtu wenu tumempata, yuko kwenye sanduku, ana namba. Ukoo mwingine uliambiwa bado. Furaha na msiba viliingia kijiji kimoja kwa siku moja, na sijui ni ibada gani ya kanisa au desturi gani ya wazee iliyotayarishwa kwa hali hiyo. Mtu aliyeuawa mwaka 1900 anahitaji kuzikwa mwaka huu wetu. Nani avae nyeusi? Nani akalie mkeka? Wajukuu wa wajukuu wanajibu maswali hayo wenyewe, na wanayajibu kwa heshima inayostahili kuigwa.

Nchi yetu imewahi kudai kichwa na kukipata. Chifu Mkwawa wa Wahehe alijiua mwaka 1898 ili asikamatwe, Wajerumani wakachukua kichwa chake, na madai ya kichwa hicho yakaingia hadi kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246. Ilichukua miaka mingine thelathini na mitano. Juni 1954 Gavana Twining alilikabidhi fuvu Kalenga, na lipo huko hadi leo. Kumbe inawezekana. Songea wao bado wanangoja: tarehe 27 Februari 1906 wapiganaji 67 wa Majimaji walinyongwa, naye Nduna Songea Mbano, ambaye mji una jina lake, akauawa, na ukoo wake unasema kichwa chake pia kilipelekwa Ujerumani. Kila Februari mji huo huwakumbuka. Rais Frank-Walter Steinmeier alifika hapo tarehe 1 Novemba 2023, akakutana na wazao, akaomba msamaha kwa niaba ya nchi yake. Ni neno zito na nalipokea. Lakini Moshi haiwezi kuzika neno.

Majirani wetu Kenya wana kidonda cha aina hii. Dedan Kimathi alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957 na hadi sasa familia yake haijaonyeshwa kaburi. Zaidi ya Waafrika elfu moja walinyongwa na Waingereza wakati wa vita vya Mau Mau. Mwaka 2015 mnara wa kuwakumbuka walioteswa ulizinduliwa Uhuru Park, Nairobi, na gharama zake zililipwa na serikali ya Uingereza yenyewe, baada ya wazee wenyewe kuipeleka mahakamani London. Nautaja kwa ajili ya hilo la mahakama. Mnara ule haukutokana na huruma. Ulitokana na wazee waliokataa kufa kabla ya kusikilizwa.

Kabla ya kuondoka Moshi, shuka mjini uende kwenye makaburi ya vita yanayotunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Humo wamelala askari wa upande wa Waingereza waliokufa katika vita vya kwanza vya dunia, vita ambavyo mwaka 1916 viliwafukuza Wajerumani mlimani. Majani yamekatwa sawasawa. Kila jiwe lina jina, kikosi, tarehe. Sina chuki na waliolala pale. Wengi wao walikuwa vijana waliotumwa mbali na kwao. Ila pitisha mkono juu ya jiwe moja, usome jina lililochongwa, kisha ukumbuke wapagazi wa Kiafrika waliobeba risasi na unga wa jeshi hilo hilo na kufa njiani. Mwaka 2021 tume hiyo yenyewe ilikiri kwamba watu kati ya 116,000 na 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Nidhamu ya kuandika majina ilikuwepo, wino ulikuwepo, mawe yalikuwepo. Walichagua nani aandikwe.

Ndiyo sababu naudai mti wa Tsudunyi jambo moja, na nalidai bila kuona haya. Sanamu ya Meli ni nzuri na inastahili. Lakini walinyongwa watu kumi na tisa, na mgeni anayefika pale huondoka na jina moja kichwani, labda mawili. Ngalami wa Siha alikuwa na watu wake. Molelia wa Kibosho alikuwa mtoto wa Sina, yule adui wa Moshi. Baba zao walipigana, nao wakafa pamoja, na hakuna somo la historia la mlima huu lililo kubwa kuliko hilo. Wameru na Waarusha waliokufa siku ile hawana hata watu wao wa karibu wa kuwasimulia hapa, kwa kuwa hapa si kwao. Majina yote yachongwe mahali pamoja, kwa herufi za ukubwa mmoja, na kila jina liandikwe na alikotoka. Na Jagodja na Mabruk wasisahauliwe Marangu: penye nafasi ya bamba la Hans Meyer pana nafasi ya bamba la pili.

Gharama yake si kubwa. Mafundi wa mawe wapo Moshi, wanachonga makaburi ya watu kila Desemba. Koo zipo, na majina mengi yamo katika kumbukumbu za wazee na katika nyaraka za misheni. Kinachohitajika ni halmashauri kukaa na koo za Old Moshi, Kibosho, Siha, Meru na Arusha meza moja, kuandika orodha, kubishana pale penye ubishi, na kukubaliana. Wajukuu wa watu waliogombanishwa wakae pamoja na kuandika majina ya wafu wao: jambo hilo Kapteni Johannes alitumia miaka yake yote mlimani kulizuia.

Na serikali isingoje Berlin ipige simu. Fuvu la Akida na yale mengine mawili yana wenyewe, na wenyewe wana anwani. Mafuvu mengine ya Tanzania yaliyomo kwenye ile 202 yanahitaji kupimwa dhidi ya familia za Songea, Iringa, Meru na kwingineko, na mkusanyiko wa New York uulizwe rasmi, kwa barua yenye muhuri wa Jamhuri, kama Meli yumo. Mzee wa kijijini asiachiwe kazi hiyo kwa nauli ya kuchangiwa.

Wewe msomaji, ukipata nafasi, nenda tarehe 2 Machi, siku ambayo watu wa Old Moshi hukusanyika. Kama ni siku nyingine, fika kwanza kwa wenyeji, jitambulishe, ujieleze ulipotoka. Ukiwa mwalimu, wapeleke wanafunzi wako. Kutoka shule yoyote ya Moshi ni safari ya asubuhi moja. Ukiwa wa Marangu, nenda, hakuna atakayekufukuza. Na kama kwenu kuna jina la mtu aliyechukuliwa na kupelekwa bomani na hakurudi, liandike leo, pamoja na jina la baba yake na la kihamba chake, ulikabidhi kwa wazee wa ukoo na nakala kwa ofisi ya kijiji, kwa sababu orodha ile ya majina kumi na tisa haijachongwa bado na kila jina linahitaji mtu wa kulithibitisha.